Kalenda Saba Sebuleni

Kornelia alifungua jalada la nyumba yake karibu miaka minne kabla ya kuwa na nyumba. Lilikuwa jalada la kijani kama yale ya serikali, lakini alilinunua dukani kwa fedha yake, na risiti ndiyo ikawa folio ya kwanza, ili mtu asije akasema. Hakuna aliyekuwa na mpango wa kusema. Ila mtu aliyekaa masijala miaka ishirini na miwili hasubiri mpaka watu waseme.

Alikuja Babati mwaka 2002, Manyara ilipokatwa kutoka Arusha ikawa mkoa. Wenzake walihamishwa kwa barua. Kornelia alihamishwa pamoja na majalada. Alisafiri kwenye kiti cha mbele cha lori, nyuma yake shehena ya karatasi zilizoamka asubuhi hiyo zikiwa za mkoa mwingine, na juu ya karatasi, umefungwa kwa kamba ya katani, mlango. Ulikuwa mlango wa mninga wenye paneli sita, alioununua kwa seremala mmoja wa Arusha aliyekuwa anafunga karakana. Mlango huo ulikuwa umesimama nyuma ya kitanda chake miaka minane, katika vyumba vitatu vya kupanga. Wenye nyumba walipomuuliza ni wa wapi, aliwajibu kwamba ni wa mbele.

Mkoa ulikuwa mpya kiasi kwamba wakubwa walikuwa wengi kuliko viti. Kila mtumishi alikuwa mgeni kutoka mahali fulani, na kila mgeni alitaka kiwanja. Kornelia alipata chake Nangara, upande wa chini, mahali palipokuwa na mbaazi za mtu. Barua ya toleo ilimtaka awe amejenga nyumba ya kudumu ndani ya miezi thelathini na sita, la sivyo kiwanja kingerudi kikagawiwe upya. Wengi waliisoma barua ya namna hiyo mara moja wakaiweka chini ya godoro. Kornelia aliipa namba, folio ya pili, akahesabu miezi kwa kalamu nyekundu. Ya mwisho ilikuwa Juni 2006.

Miaka miwili na nusu ya mwanzo ilikwenda kwenye ada ya Noela, binti yake aliyekuwa anasoma bweni. Januari 2006 ndipo akajikuta na akiba ya kujenga nyumba moja. Watu wengi wa mjini hapa hujenga mbili: ya kwanza ya kujifunzia, ya pili ya kurekebisha ya kwanza. Kornelia hakuwa na hiyo ya kujifunzia. Ilimpasa apate fundi sahihi, na ampate mara moja, maana kiwanja kingine asingepewa na mlango ulikuwa umechoka kusimama.

Wa kwanza alikuwa fundi Salum, kijana mchangamfu mwenye simu ya mkononi na albamu ya picha. Alimfungulia Kornelia albamu juu ya kaunta ya masijala. Nyumba zilikuwa nzuri sana. Katika picha ya tano Kornelia aliiona benki aliyokuwa akipita mbele yake kila asubuhi kule Arusha, iliyojengwa wakati Salum bado hajaanza darasa la kwanza. Akamuuliza kwa upole kama hii nayo ni kazi yake. Salum akaitazama picha, akamtazama Kornelia, akasema hiyo ni mfano wa jinsi anavyopenda kufanya kazi. Kornelia akaandika hivyo hivyo alivyosema, folio ya nne, akafunga.

Wa pili hakuhitaji albamu. Fundi Herieli alikuwa msharika mwenzake, mtu wa nyumbani, mwimbaji wa sauti ya nne. Alikuwa amejenga nusu ya nyumba za usharika, na kila kazi aliianza kwa sala. Kumkataa Herieli kulikuwa sawa na kukataa uji wa msibani: inawezekana, lakini lazima uwe na sababu za kidaktari. Herieli alimwahidi kwamba Pasaka itamkuta kwenye lenta, yaani kuta zote zimesimama, zimebaki paa na plasta.

“Dada Kornelia,” alisema, “wewe andaa pazia tu.”

Kwa kuwa alikuwa mtu wa majalada, Kornelia aliomba kuona kazi zake. Herieli akampeleka kwa furaha kwa Evangelina, yaani Mama Eliya, mwenyekiti wa akina mama wa usharika, ambaye nyumba yake ilikuwa na miaka minne.

Evangelina alimpokea kwa chai ya maziwa na maandazi, akamsifu fundi kuanzia msingi mpaka kofia ya nyumba. Kornelia alisikiliza huku macho yakizunguka. Sebule ilikuwa na kalenda saba. Kulikuwa na ya dayosisi, ya duka la pembejeo, ya chama cha ushirika, mbili za mabasi, moja ya kampuni ya matairi, na moja ya mwaka 1998 yenye picha ya maporomoko ya maji ya nchi nyingine. Zilikuwa zimetundikwa bila mpangilio ambao Kornelia angeweza kuuelewa: moja karibu na dari, moja usawa wa goti, mbili zimefuatana kwa kuteremka, kama watu wanaoshuka mlima.

Upepo ukaingia mlangoni, kalenda ya matairi ikapepea, na nyuma yake akatoka mjusi. Alikuwa mjusi mkubwa, wa kiasi ambacho hakingetosha kati ya karatasi na ukuta, kama ukuta ungekuwa mzima.

Wote wawili walimwona. Evangelina akamwongezea chai.

“Mama Eliya,” Kornelia alisema, “mna kalenda nyingi.”

“Tunapenda kujua tarehe,” alijibu Evangelina.

Haikuzungumzwa tena. Mgeni hawezi kumwambia mwenyeji kwamba nyumba yake imepasuka, na mwenyeji hawezi kumsema fundi ambaye Jumapili atakaa naye benchi moja. Zaidi ya hayo, mtu aliyejengewa vibaya huona aibu kuliko aliyemjengea. Ndiyo maana ukiuliza mjini Babati nani fundi mzuri, utajibiwa ni yule aliyenijengea. Sifa zote hizo ni za kweli na hazina faida yoyote. Kornelia alitembelea nyumba nyingine tatu za Herieli wiki hiyo, akanywa chai tatu, akaacha kuuliza maswali. Alihesabu tu. Tano, nne, na ya tatu kalenda mbili na zulia lililotundikwa ukutani, ambalo aliamua kulihesabu kama kalenda sita.

Tatizo lenyewe halikuwa mkono wa Herieli. Lilikuwa udongo. Nangara ya chini ina udongo mweusi wa mbuga, ambao kiangazi hupasuka mpaka unameza kandambili, na masika hunywa maji ukavimba kama unga wa maandazi. Ukijenga juu yake, nyumba hupanda na kushuka kila mwaka, na nyumba haikuumbwa kwa ajili ya safari. Wageni wengi walitoka sehemu zenye udongo mwekundu uliotulia. Walijenga Babati kama walivyojengewa na baba zao huko walikotoka, halafu wakanunua kalenda.

Fundi wa tatu Kornelia alimpata kazini. Karani wa masijala haruhusiwi kusoma majalada. Anatakiwa tu kujua yana nini ndani. Februari, akipeleka jalada la mifugo kwa bwana mkubwa, alijua kwamba ndani yake kuna taarifa ya majosho, yale mabwawa ya saruji ya kuogeshea ng'ombe dawa ya kupe. Taarifa ilikuwa na orodha ndefu, na mbele ya karibu kila josho imeandikwa: bovu, lina nyufa, halishiki dawa. Josho moja tu, la kijiji cha mbugani upande wa Hanang, liliandikwa neno moja: zima. Chini yake, kwa penseli, mtu alikuwa ameandika: fundi Gidamanyega.

Kornelia aliomba ruhusa ya siku moja. Alipanda basi la kwenda Katesh, akateremka njiani, akatembea saa nzima juu ya udongo mweusi uleule, akafika joshoni wakati ng'ombe wamemaliza kuoga. Mchungaji mmoja aliyekuwa ameegemea fimbo alimsalimia, akamuuliza kama ng'ombe wake wako nyuma.

“Sina ng'ombe,” alisema Kornelia. “Nimekuja kuangalia nyufa.”

“Hapa hakuna.”

“Najua. Hizo zisizokuwapo ndizo nimekuja kuziangalia.”

Mchungaji akampisha. Kornelia alilizunguka josho mara mbili. Lilikuwa na miaka kumi na moja, halina rangi, halina urembo, na dawa imejaa mpaka kwenye alama. Alipitisha kidole kwenye ukingo wake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Josho haliwezi kutundikiwa kalenda, na ng'ombe hawana adabu ya kumsitiri fundi.

Joshoni alielekezwa kwamba Gidamanyega anaishi Singe, nje kidogo ya mji wa Babati, ambako alikuwa amehamia na kulima mahindi. Alikuwa Mbarbaig, mtu wa kabila la wafugaji, mrefu, mkavu, wa miaka hamsini na kitu, aliyefundishwa useremala na uashi na mradi mmoja wa maji ambao baadaye ulikwisha, akabaki yeye. Mjini hakuna aliyemwita ajenge nyumba. Walisema Mbarbaig na mwiko wapi na wapi, labda umpe boma la ng'ombe. Alikuja Nangara kwa miguu, akazunguka kiwanja, kisha akaomba ndoo mbili za maji.

Alichimba shimo la kina cha goti. Akakata kijiti kikalingana sawasawa na upana wa shimo, akakiingiza na kukitoa mbele ya Kornelia. Akamwaga maji yote, akafunika kwa majani, akasema kesho, akaondoka. Hakuulizia chai.

Kesho yake Kornelia alimkuta amechuchumaa pale pale.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Jana kijiti kiliingia, umeona?”

“Niliona.”

“Kiingize.”

Kornelia alijaribu. Hakikuingia hata kwa kusukuma. Shimo lilikuwa limeanza kufumba.

“Basi hicho kijiti ni nyumba yako,” alisema Gidamanyega, akasimama.

Alieleza kwa maneno machache. Udongo mweusi wote utolewe mpaka ufikiwe ule mgumu wa chini, na hapo penye kina kifupi mtu ataingia mpaka kifuani. Pajazwe moramu, ule udongo wa changarawe usiovimba, pashindiliwe. Uchimbwe mfereji wa kukinga maji ya juu. Halafu msingi wa mawe na nondo. Halafu, na hapa ndipo Kornelia alipoacha kuandika, kila kitu kiachwe wazi masika yote, mvua ikishindilie kile ambacho binadamu amekiacha. Kuta ni baada ya mvua.

Kornelia akamweleza habari ya Juni. Akamweleza miezi thelathini na sita, na mkaguzi, na kwamba msingi hauonekani barabarani. Gidamanyega alimsikiliza mpaka mwisho.

“Mama, mimi siujui huo mwezi wa sita wako,” alisema. “Ninaujua udongo. Ukitaka kuta upesi, yuko anayejenga kuta upesi. Sitakasirika.”

Kornelia alilala na jalada juu ya meza siku nne. Akimchukua Herieli, kiwanja kitakuwa chake na nyumba itakuwa ya mijusi. Akimchukua Gidamanyega, nyumba itakuwa nzima, kama kiwanja kitakuwa bado chake. Katikati ya siku hizo Evangelina alimtembelea na akina mama wawili. Walisali kuhusu ujenzi kwa urefu, na wakati wa kusali jina la Herieli likatajwa mara tatu, kwa Mungu, lakini kwa sauti ya kusikika hata na binadamu.

Baada ya hapo aliona afadhali amwambie mwenyewe. Alimfuata Herieli kwenye nyumba moja aliyokuwa akiipiga plasta, na kwa haki ya Mungu plasta ya Herieli ilikuwa laini kama upande wa ndani wa yai. Alimwambia kwamba amekwenda kwenye nyumba zake nne na amehesabu kalenda. Alitegemea Herieli aulize kalenda gani. Hakuuliza. Aliweka mwiko chini.

“Dada, nitakwambia ukweli,” alisema. “Miaka kumi na tano niko kazi hii. Sijawahi kuona mtu akiwaonyesha wageni msingi. Nikisema tuchimbe zaidi, wanasema fundi anataka kula saruji. Wanataka kuta. Nawapa kuta.”

“Mimi nataka huo wa chini.”

“Umempata nani?”

Alipomtajia, Herieli alicheka kidogo, akaacha. Akauliza ni kweli kwamba lile josho halivuji. Kornelia akasema ni kweli, na kwamba baada ya mvua atahitaji mtu wa kupiga plasta, na hajui mtu mwingine mjini anayeweza kupiga kama hii. Herieli akaokota mwiko. Akasema atakuja, lakini asimwambie Mama Eliya kwanza, amwachie yeye Herieli amwambie mwenyewe.

Machi walichimba. Majirani walipita wakiuliza kama Mama Noela anafuga samaki. Gidamanyega aliwafukuza vibarua wawili kwa kushindilia huku wakiongea, akidai mtu akiongea mikono inasikiliza. Aprili mvua ikanyesha hasa. Kornelia alikuwa anapita kila jioni akitoka kazini, anasimama na mwavuli, anaangalia akiba yake yote ya maisha ikilowana. Katika kiwanja cha jirani kuta zilipanda mpaka lenta kwa wiki tano, zikapendeza sana. Mwishoni mwa Mei ufa mmoja ulianza kwenye kona ya dirisha, mwembamba kama unywele. Mwenyewe alikuwa bado hajahamia. Hakuwa hata na mahali pa kupigia msumari wa kalenda.

Mkaguzi wa viwanja aliitwa Zabron. Alikuja tarehe kumi na tisa Juni, amevaa viatu vyeusi vya ofisini, na fomu kwenye ubao. Aliangalia kiwanja cha Kornelia kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe. Kilichoonekana ni mstari wa mawe usiofika hata magotini, mfereji, na mzee amekaa juu ya jiwe.

“Mama Noela,” alisema, “jengo liko wapi?”

“Umelikanyaga, baba.”

Zabron akaeleza, bila ubaya, kwamba barua inasema nyumba imalizike, na hapa haijaanza. Angeweza kumwombea nyongeza ya muda, lakini kwa kazi ya kudumu iliyokwisha kufanyika, na yeye ndiye wa kuweka sahihi kwamba ni ya kudumu. Mistari ya mawe ameiona mingi. Watu huweka mawe wiki ya ukaguzi, wakishakaguliwa wanapanda mahindi katikati.

Kornelia akafungua jalada. Akaanza folio ya kwanza, na Zabron, ambaye alikuja kwa dakika kumi, akajikuta kwenye folio ya kumi na tisa, yenye picha ya Gidamanyega amesimama ndani ya mtaro, kinachoonekana ni kichwa na mabega. Aliigeuza picha, akaangalia tarehe nyuma yake. Lakini picha, alisema, inaweza kupigwa kwenye shimo lolote.

Ndipo Gidamanyega alipoinuka, akachukua sururu, akampa kwa mikono miwili kama anavyokabidhiwa mtu mzima kitu cha heshima.

“Piga popote unapotaka,” alisema. “Jiwe likipasuka, andika hakuna kitu.”

Zabron aliangalia viatu vyake. Aliangalia barabarani kama kuna mtu. Akaweka fomu chini, akachagua kona ya mbali, akainua sururu na kupiga kwa nguvu zote za mtu ambaye hajashika jembe tangu sekondari. Sururu ilirudi. Ilirudi kiasi kwamba ilimgeuza nusu, akabaki ameshika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, midomo imefungwa. Kwenye jiwe palikuwa na doa jeupe dogo la ukubwa wa punje ya mahindi.

Aliokota fomu, akaandika kwa shida: ujenzi wa kudumu unaendelea, msingi umekaguliwa kwa kina, napendekeza nyongeza.

Pendekezo likaingia kwenye jalada la kiwanja kule ofisini, na jalada hilo likaanza safari ya kutoka meza moja kwenda nyingine. Kornelia alizifahamu safari hizo. Katika miaka yake yote ya kazi alikuwa akisikitika majalada yanapochelewa. Safari hii, kwa mara ya kwanza, hakulifuatilia. Liliporudi Novemba na neno “imeridhiwa”, kuta zilikuwa zimepita lenta, paa limeezekwa, na Herieli yuko juu ya jukwaa anapiga plasta huku akiimba sauti ya nne. Chini, Gidamanyega alikuwa anamkosoa kwa kukaa kimya.

Mlango wa mninga uliwekwa Machi 2007. Ilibidi upunguzwe kidole kimoja chini, kwa kuwa katika kungojea ulikuwa umevimba.

Walikaa masika moja kabla ya kufungua nyumba, kwa ushauri wa Gidamanyega, ambaye alisema usimwite mchungaji kuibariki kabla ya mvua. Juni akina mama wa usharika wakaja. Waliimba, wakala, wakamwombea Noela mitihani. Evangelina alileta zawadi iliyokunjwa kwenye gazeti: kalenda ya dayosisi, mpya. Kornelia alishukuru, akaitundika hapo hapo katikati ya ukuta mkubwa wa sebule, ambao haukuwa na kitu kingine, akaenda jikoni kuchemsha chai nyingine.

Aliporudi na chupa alimkuta Evangelina amesimama mbele ya kalenda. Alikuwa ameinua pembe yake ya chini kwa vidole viwili, anachungulia nyuma. Alishusha pembe ile polepole, akailainisha kwa kiganja, akajifanya anatafuta tarehe.

“Mama Noela,” alisema bila kugeuka, “yule mzee wako anapatikana siku gani?”

Kornelia aliweka chupa mezani, akaenda chumbani kuleta jalada.